Safari ya Mwendo wa Maji

(Maelezo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila juma.)

Ndugu msikilizaji, ziko nchi ambako watu hulipa fedha nyingi ili wasafiri polepole. Uingereza, kwa mfano, ina mifereji mirefu iliyochimbwa kwa mikono tangu karne ya 18 ili mashua zibebe makaa ya mawe na bidhaa nyingine. Mfereji wa Bridgewater, mmoja wa ile ya mwanzo kupata sifa, ulifunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa katika mji wa Manchester. Baadaye zilikuja reli, kisha malori, na biashara ya mifereji ikafa. Leo mashua zile nyembamba zimetiwa vitanda na majiko, na familia hukaa ndani yake juma zima, ikipita vijijini kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huko Kerala, kusini mwa India, mashua zilizokuwa zikibeba mpunga nazo zimegeuzwa nyumba za wageni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya wazee wetu wa pwani.

Faida ya safari ya namna hiyo ni kwamba msafiri huona mambo ambayo mtu wa basi hayaoni. Huona nani anachota maji, nani anafua, nani anapalilia, na ni kitu gani wenyeji wanagombania. Basi nikajiuliza, sisi wa Moshi, wenye mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro usiku na mchana, hatuwezi kuwa na safari kama hiyo?

Jibu la haraka ni kwamba hatuwezi. Karanga, Rau, Weruweru, Kikafu na Mue haiwezi kubeba mashua. Katika umbali usiofika kilomita 25 kutoka ukingoni mwa msitu hadi mjini Moshi, maji hushuka zaidi ya mita 800. Mito imechimba makorongo, inapiga mawe, inaruka maporomoko. Ukiweka mashua Materuni asubuhi, utaokota mbao zake Rau jioni.

Lakini lipo jibu la pili. Mlimani kwetu kuna maji mengine yasiyokimbia, ambayo watu wenyewe waliyafundisha kutembea. Nayo ni maji ya mfongo. Mtu anaweza kuandamana nayo kwa miguu, hatua kwa hatua, tangu yanapochepushwa mtoni hadi yanapoishia shambani. Nilifanya hivyo kwa siku 3 upande wa Uru, kisha nikaendelea hadi tambarare, na juma hili napenda nieleze niliyoyaona, kwa sababu maji tunayoyapata mjini ni sehemu ya mambo hayo.

Kwanza tueleze mfongo ni nini, maana wako vijana waliozaliwa Moshi mjini ambao wanalijua neno tu. Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga. Uko mlimani tangu kabla ya Wajerumani. Wazungu waliofika huku katika karne ya 19 waliustaajabia, na wakaandika kwamba wamekuta watu wanaomwagilia migomba na ulezi kwa mifereji iliyopangwa vizuri mno. Mifongo iko mamia, tangu Rombo mpaka Machame na Siha, ingawa si yote inayopitisha maji leo.

Ujuzi wake uko hivi. Mto uko chini korongoni, na watu wanaishi juu ya mgongo wa kilima, kati ya korongo na korongo. Maji hayapandi mlima. Basi wazee walikwenda mbali juu, aghalabu karibu na msitu au ndani yake, mahali ambapo mto haujazama sana. Hapo waliweka kizuizi cha mawe, matawi, majani na udongo, si cha kuuziba mto wote, bali cha kuchepusha sehemu yake. Kutoka hapo wakachimba mfereji unaoshuka kidogo sana, ukikumbatia ubavu wa korongo. Mto unateremka kwa kasi, mfongo unateremka kwa taratibu, na kadiri unavyokwenda ndivyo nafasi kati yao inavyozidi kuwa kubwa. Baada ya mwendo wa kutosha, mto uko chini kabisa na mfongo umetokeza juu ya mgongo wa kilima. Mgeni akitazama kutoka ng'ambo huapa kwamba maji yanapanda mlima.

Wachimbaji hawakuwa na vyombo vya kupimia. Kipimo chao kilikuwa maji yenyewe. Walichimba kipande, wakafungulia, wakatazama. Yakisimama, wanashusha kina. Yakikimbia na kula udongo, wanainua. Palipokuwa na genge walipitisha maji juu ya magogo yaliyotobolewa kama mizinga ya nyuki. Kazi hiyo ilichukua misimu mingi, na wengine walianguka makorongoni wakafa. Kwa hiyo ukoo uliotoa mtu wa kwanza kuupima mfongo ulipewa heshima yake, na mara nyingi mfongo ukaitwa kwa jina lake.

Siku ya kwanza nilipoanza kufuata maji, nilimkuta mzee mmoja ameshika jembe, anaziba tobo kwa gome la mgomba na matope. Nikamwamkia, "Shikamoo, Meku." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huku juu na viatu vya mjini?" Nikamwambia nataka kuyafuata maji mpaka yanapoishia. Akacheka. "Basi yafuate. Ukikuta watu wanaongea kwa upole, ujue maji bado yapo. Ukisikia kelele, ujue umefika yanapokwisha."

Maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyoniongoza safari nzima.

Sehemu ya juu watu wanaongea kwa upole kweli. Huko mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Njia inapita katikati ya vihamba, na mtu hawezi kujua kihamba kimoja kinaishia wapi kama hayajui masale yaliyopandwa mpakani. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe na mbuzi wako zizini nyumbani. Majani huletwa kichwani na akina mama, mengine kutoka tambarare mbali, na samadi hurudi migombani. Watoto walitengeneza vimashua vya magome ya migomba, wakavishindanisha katika mfongo. Hizo ndizo mashua pekee nilizoziona siku ile, nami nilitembea sambamba nazo. Huo ndio mwendo wa maji: mtu mzima hachoki nao, na anapata nafasi ya kuamkia kila nyumba.

Sasa tuje kwenye utaratibu, maana mfongo bila utaratibu ni shimo tu. Kila mfongo una watu wake, yaani wale wanaostahili kupata maji kwa sababu wao au wazee wao waliushughulikia. Wana mwenyekiti na kamati. Kuna zamu: huyu asubuhi hadi adhuhuri, yule mchana hadi jioni. Usiku maji huachiwa yaingie katika bwawa dogo ambalo Wachagga huliita nduwa, ili kesho yafunguliwe kwa nguvu na kufika mbali. Baada ya masika, mvua inapokuwa imebomoa kizuizi na kujaza matope, panapigwa mbiu ya msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiyefika hutozwa faini; zamani ilikuwa mbege, na kwa kosa kubwa mbuzi, siku hizi aghalabu ni fedha. Asiyefanya kazi wala kulipa faini hana zamu.

Anayeiba maji usiku huitwa mbele ya wazee. Kwa mila, mkosaji anayetaka amani hupeleka jani la sale, na anayepelekewa sale ana wajibu wa kusikiliza. Msikilizaji asidhani mambo haya ni ya kizamani na hayana maana. Ni sheria kamili ya maji: ina haki, ina wajibu, ina adhabu na ina msamaha. Wamangi waliisimamia, nao wakaondolewa katika utawala mwaka 1963, lakini utaratibu wa mfongo ulibaki kwa sababu migomba haikuacha kuona kiu.

Siku ya pili niliteremka, na sauti zikaanza kupanda. Mvua inapungua kadiri unavyoshuka, na watu wanazidi. Nilikuta mfongo umekauka na njia yake imepandwa mahindi. Kijana wa hapo alinieleza kwamba baba yake alikuwa na zamu, lakini msaragambo ukikosa watu miaka miwili mfululizo, mfongo unakufa. Ndugu zake wako Arusha na Dar es Salaam. Fedha za Krismasi wanaleta, lakini jembe la mfongo halishikwi kwa fedha za Krismasi. Hali kadhalika mabomba yalipofika vijijini, wengi waliacha kuchota maji ya mfongo, na kwa ajili ya afya walifanya vema, maana maji hayo hupita zizini na mashambani penye dawa za kahawa. Lakini aliyeacha kuyanywa aliacha pia kuyalinda.

Hapa hapana budi tuseme jambo moja ambalo wengi wetu mjini hulikosea. Tunapoona barafu ya Kibo inapungua, tunasema mito yetu itakauka kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba barafu inakwisha: kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 sehemu yake ipatayo asilimia 85 ilitoweka. Lakini maji yatokanayo na barafu hiyo ni machache sana. Maji ya Karanga, ya Rau na ya chemchemi zetu hutoka kwenye msitu. Mvua na ukungu huangukia miti, huingia ardhini taratibu, kisha hutokea chini kama chemchemi miezi baadaye. Kwa hiyo anayekata mti msituni anagusa bomba lako kuliko jua linaloyeyusha Kibo. Serikali ililiona jambo hilo, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. Msitu ukapata ulinzi zaidi. Lakini ukanda wa nusu maili, ambao tangu mwaka 1941 uliwekwa ili wananchi wapate kuni na majani, nao uliingizwa humo, na akina mama wanaoishi mpakani wana malalamiko yao kuhusu kuni. Mlinzi mzuri wa msitu ni yule anayeishi nao jirani, na jirani huyo asipoona faida, bunduki ya askari haitoshi.

Siku ya tatu niliingia Moshi. Mji huu unakunywa maji ya chemchemi za mlimani, kama Shiri na Nsere, na wageni hutusifu kwa ladha yake. Lakini fuata Mto Rau au Karanga unavyopita mjini uone tunavyoyalipa maji hayo fadhila. Mifuko ya plastiki, maganda, mafuta ya magari yanayooshwa ukingoni, na mabomba ya uchafu yaliyoelekezwa mtoni usiku. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukitembea kwa mwendo wa maji, unaweza kuzihesabu mwenyewe mita hizo 60 na nyumba zilizomo ndani yake.

Tukivuka mji tunafika tambarare: Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni, Oria. Hapa ndipo penye kelele alizozitaja yule mzee. Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Lower Moshi kwa msaada wa Japani. Ulitumia maji ya mito ya Rau na Njoro, na ulipangiwa kumwagilia mpunga katika eneo la hekta 1,100 hivi. Mpunga ulikubali vizuri mno. Wakulima wakapata mavuno ambayo hawakuwa wameyaona kabla yake, nyumba za bati zikajengwa. Basi jirani zao wa upande wa juu, waliokuwa nje ya mradi, nao walipoona hivyo wakafungua mifereji yao na kupanda mpunga. Nani angewakataza? Maji yanapita mlangoni kwao. Matokeo yake maji yaliyofika kwenye mifereji ya saruji yakapungua, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyopimwa kwa ajili ya mpunga ikakosa maji.

Angalia, msikilizaji, kisa hiki kina mafunzo. Saruji ilikuwa nzuri, mbegu ilikuwa nzuri, wataalamu walikuwa hodari. Kilichokosekana ni kile ambacho mfongo mdogo wa Uru unacho: makubaliano kati ya mtu wa juu na mtu wa chini. Mradi ulichora mpaka wake kwenye ramani, bali maji hayakuuona mpaka huo.

Nilikwenda mbele zaidi, safari hii kwa gari, hadi Nyumba ya Mungu. Hapo ndipo maji ya Kilimanjaro hatimaye hubeba chombo. Bwawa hili lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali ambapo Kikuletwa, unaoleta maji ya Meru na ya Kilimanjaro, hukutana na Ruvu utokao upande wa Ziwa Jipe. Wavuvi wa Lang'ata na vijiji vingine wana mitumbwi, wanavua perege. Niliingia mtumbwini na mvuvi mmoja, tukaenda polepole kama Waingereza wa mashua zao. Nikamwuliza bwawa likoje mwaka huu. Akaninyoshea kidole ufukweni, palipokuwa na mstari wa matope makavu. "Bwana, sisi huku tunasoma tu. Wakimwagilia sana huko kwenu juu, tunasoma hapo."

Na yeye si wa mwisho. Kutoka Nyumba ya Mungu mto unaitwa Pangani, unakwenda Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani mpya iliyoanza kazi mwaka 1995, kisha unaingia baharini mji wa Pangani. Huko mtoni maji matamu yanapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuharibu mashamba. Kwa hiyo tone lililochepushwa kwa gome la mgomba kule Uru lina madai kutoka kwa mkulima wa mpunga, mvuvi wa perege, fundi wa umeme na mwenye minazi wa Pangani.

Ndiyo maana mwaka 1991 iliundwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anayetaka kuyachepusha hupaswa kuwa na kibali. Sheria hiyo pia inaruhusu watumiaji wa maji kuunda jumuiya zao. Jambo hili ni jema, lakini linahitaji hekima. Ukimwambia mzee wa mfongo kwamba sasa alipie kibali cha maji ambayo babu yake aliyachimbia, atakuuliza kibali cha babu yake kiko wapi. Na mtu wa ofisini naye ana haki ya kuuliza: je, babu yako alijua kwamba Lang'ata kutakuwa na watu?

Wapo wanaosema mifongo ifungwe, kwa sababu maji mengi huzama ardhini njiani. Kuzama yanazama kweli. Lakini maji yanayozama kihambani hayajapotea yote. Sehemu hunywesha miti, na sehemu hutokea tena chini. Wapo pia wanaosema iachwe kama ilivyokuwa, nao wanasahau kwamba ilichimbwa wakati watu walikuwa wachache. Kwa maoni yangu, njia iko kati ya hizo mbili. Vizuizi na sehemu zinazovuja sana zitengenezwe kwa saruji. Kamati za mifongo ziingizwe zenyewe katika jumuiya za watumiaji maji, pamoja na zamu zao na faini zao, badala ya kuundiwa kamati mpya zisizojua njia ya maji. Na watu wa juu na wa chini wakutane wakati wa masika, maji yakiwa mengi, wasingoje kiangazi wakutane na mapanga.

Nasi wa mjini tunayo sehemu yetu. Vijiji vya Marangu, Materuni na Machame vinapokea wageni wanaotembea kuona maporomoko, kahawa na mifongo. Wageni hao wanatoka mbali, na wanalipa. Lakini mkazi wa Soweto, Majengo au Pasua, ambaye kila mwezi analipa ankara ya maji, hajawahi kupanda kilomita 15 kutazama yanakotoka. Namshauri afanye hivyo Jumamosi moja. Avae viatu vya kawaida, aombe ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, amchukue mwenyeji amwongoze na amlipe haki yake. Achukue na watoto. Asikimbilie maporomoko apige picha na kurudi. Ashike ukingo wa mfongo mmoja tu, aufuate toka juu hadi chini, na kila anapomkuta mtu ana jembe, amwulize zamu ya leo ni ya nani.

Akirudi nyumbani na kufungua bomba, atakuwa anamjua angalau mtu mmoja aliye juu yake, na mmoja aliye chini yake. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo huu wa Kilimanjaro uliwekwa na watu waliokaa chini wakakubaliana, na utadumu ikiwa sisi nasi tutakubali kukaa na kukubaliana.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo.